Barua ya wazi kwa mameya wetu watano wa Dar: mkitoka safari mtuletee choo

Wastahiki mameya wa Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, pamoja na wakurugenzi wenu, na Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa kama itakufikia, shikamooni kwa mlionizidi umri na wengine habari za kazi.

Mi ni mama lishe. Jina langu haliwasaidii kitu, mkipita soko lolote la hapa mjini saa saba mchana mkamuona mama amejifunga khanga kiunoni anafukuza nzi kwenye sinia la samaki basi ndo mimi huyo, au mwenzangu, hatutofautiani sana. Mwaka wa kumi na nne huu napika. Nalala manispaa moja, nanunua vitu manispaa ya pili, napika manispaa ya tatu, kila siku ya Mungu isipokuwa Jumapili, na wala sijatoka nje ya mkoa. Ndo maana nawaandikia wote watano kwa pamoja maana kila nikimuona mmoja mmoja naambiwa hilo la mwenzie.

Ninachotaka kuongelea ni miji kushirikiana, nyie wenyewe kwa wenyewe na miji ya nje, ili sisi wanawake tutendewe sawa. Naanza na choo, mnisamehe, najua barua za waheshimiwa huwa haziendi hivyo.

Choo cha sokoni kwetu ni mia tatu. Kuna kijana anakaa mlangoni na kibakuli cha plastiki na toilet pepa ameshaikata vipande, ukitaka kipande cha ziada unaongeza mia. Mwanaume akibanwa haja ndogo anazunguka nyuma ya mabanda ya mkaa, pale ukutani pameandikwa kwa rangi nyekundu USIKOJOE HAPA FAINI 50,000 na hayo maandishi yenyewe yameanza kubanduka kwa mikojo, sijawahi kuona hata mmoja amelipa hiyo faini. Sasa mimi nizunguke wapi? Mimi ni mia tatu kila nikiinuka. Naenda mara nne kwa siku, zikifika siku zangu ni mara sita na zaidi, lakini tuseme nne tu, hiyo ni elfu moja na mia mbili, zidisha siku ishirini na sita ni elfu thelathini na moja na mia mbili kwa mwezi. Sahani ya wali maharage nauza elfu mbili, nikitoa mchele na mkaa na mafuta na ushuru inanibakia kama mia tano. Kwa hiyo kila mwezi nauza sahani sitini na mbili kwa ajili ya kwenda chooni tu. Sahani sitini na mbili! Jirani yangu anayeuza chips ambaye ni mwanaume hizo sahani zake sitini na mbili anapeleka nyumbani.

Kuna kipindi nikaamua nisiwe nakunywa maji, nikinywa chai asubuhi basi mpaka jioni. Nikaumwa, U.T.I. ikawa haiondoki, daktari ananiambia mama kunywa maji lita mbili, nikamwambia dokta hizo lita mbili zina ada yake mlangoni, akadhani namtania.

Sasa mtasema hili linahusiana nini na miji kushirikiana. Ngojeni.

Binti yangu wa pili anasoma chuo, mambo ya mipango miji. Usiku mmoja nachambua maharage yeye yuko kwenye simu akaniuliza mama unajua haya mabasi ya mwendokasi yameigwa wapi, nikamwambia Uchina, nini siku hizi hakijatoka Uchina. Akacheka. Akasema mabasi labda, ila mpango wenyewe, ile njia ya peke yake katikati ya barabara, kituo kina sakafu ya juu unaingia sawasawa na basi, tiketi unakata kabla, kielelezo chake kikubwa ni mji unaitwa Bogotá, Kolombia, wao walianza mwaka 2000 na wanaita TransMilenio. Watu wakawa wanaenda kule kujifunza na wa kule wanakuja huku, sisi tukaanza Mei 2016 kutoka Kimara mpaka Kivukoni, na mwaka 2018 Dar ikapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, mji wa kwanza wa Afrika kuipata, wageni wakaja wengi kujifunza kwetu. Nikasema haya, hongera zetu. Mgeni njoo mwenyeji apone.

Halafu akaniambia sasa sikia hao hao wa Bogotá wamefanya nini kingine.

Januari 2020 aliingia meya mwanamke, Claudia López, wa kwanza mwanamke kuchaguliwa kwenye kiti hicho, na mwaka huohuo wakaanzisha kitu wanaita Manzanas del Cuidado. Manzana kwa Kihispania ni tofaa lakini pia ni kile kitalu cha nyumba kilichozungukwa na barabara, kwa hiyo tuseme ni mtaa wa malezi. Hawakujenga maghorofa mapya. Walichukua majengo ya umma yaliyokuwepo tayari, shule, maktaba, kituo cha afya, ukumbi, yaliyo karibukaribu kiasi cha kutembea kwa mguu, wakasema hapa ndani mama anayelea watoto au anayeuguza mgonjwa nyumbani atapata vitu vyote sehemu moja. Mtoto anapokelewa anaangaliwa. Mama akishamkabidhi anaenda darasani kumalizia sekondari yake aliyoiacha kwa ajili ya mimba, au anaonana na mwanasheria, au anafanya mazoezi, au anakaa tu. Na nguo anakuja nazo, kuna mashine za kufulia, bure. Yaani mashine inafua yeye anasoma. Tena kuna na darasa la wanaume, wanafundishwa kumbadilisha mtoto nepi, kupika na kusafisha nyumba, nikamwambia binti yangu hapo umenidanganya, akanionyesha picha, mijibaba imeshika mdoli inauvisha nepi.

Nikaacha kuchambua maharage nikafikiria. Sisi tulienda kwa hao watu tukaona mabasi, tukayabeba. Mashine za kufulia zilikuja baadaye sawa, lakini zimekuja miaka kadhaa sasa, mbona huko hatujarudi? Au safari ya kwenda kuangalia basi ina posho na safari ya kwenda kuangalia beseni la kufulia haina?

Sisemi msisafiri. Wapo wanaowasema nyie kila mkipanda ndege, mi sio mmoja wao, mtu asiyetembea anajua mamaake ndo anapika kuliko wote. Nachosema ni mkirudi mtuletee zawadi, si ndo desturi yetu, na zawadi ninayotaka mi nimeshaisema.

Binti yangu amenionyesha mengi tangu siku ile, mengine nimeyasahau. Kuna mtandao wa miji kwa ajili ya usawa wa kijinsia ulianza mwaka 2020, walioanzisha ni Los Angeles, London, Barcelona, Tokyo, Mexico City na Freetown. Freetown hii hii ya Sierra Leone, sio mji wenye hela kutuzidi. Meya wao alikuwa mwanamke, Yvonne Aki-Sawyerr, na mji wake ukaona wanawake wa masokoni wanauzia juani kutwa, mboga zinanyauka na wenyewe wananyauka, wakafunga mapaa ya kivuli kwenye masoko ya wazi, yale yanayorudisha joto juu. Hiyo tu. Kivuli. Wakahesabu kuwa jua nalo ni suala la jinsia, maana nani anakaa juani na beseni la nyanya kutwa nzima? Kwenye masoko yetu kila mtu na mwamvuli wake, mwingine wa kampuni ya simu mwingine wa bia, ikipita mvua ya upepo tunakimbizana nayo mpaka barabarani.

Port Moresby huko Papua Guinea Mpya, mbali mpaka nilitafuta kwenye ramani, wamo kwenye programu ya Umoja wa Mataifa ya miji salama pamoja na Kigali na Delhi na Cairo na Quito. Wao walianza na masoko. Kwenye soko la Gerehu wakaweka maji safi, vivuli, chama cha wafanyabiashara wanawake kikapewa sauti, na ushuru wakaanza kulipia kwa simu ili yule mkusanyaji asimlazimishe mama kumlipa mara mbili. Hilo la mkusanyaji nilielewa bila hata kutafsiriwa.

Na Montreal, Kanada, tangu mwaka 1996 mwanamke akipanda basi usiku anaweza kumwambia dereva nishushe hapa katikati ya vituo viwili karibu na kwangu, na dereva anasimama. Hili lilinichekesha, maana sisi tunalo miaka yote bila kongamano lolote, linaitwa shusha hapo konda. Tofauti ni kwamba konda wetu akikushusha hapo trafiki anamngoja mbele. Lakini fikirieni kidogo. Mnaweza mkakaa na wenye mamlaka ya usafiri mkasema kuanzia saa tatu usiku mwanamke akiomba kushuka sehemu yenye taa ashushwe, na konda asipigwe faini. Hiyo haihitaji mfadhili wala bajeti, ni karatasi moja na mihuri mitano.

Kitu kimoja sikubaliani nacho niseme kabisa. Kuna miji ina mabehewa ya wanawake peke yao, Tokyo yapo, Mexico City yapo, na hapa kila mwaka anatokea mtu anasema tuwe na mabasi ya wanawake, ya pinki. Mi sitaki basi la pinki. Juzi juzi tu nimesimama kwenye basi limejaa mpaka mlango haufungi, mbele yangu kuna kabinti ka sekondari kamekumbatia begi kifuani, nyuma yake lijitu zima na tai linajisukuma, basi likienda linasukuma na basi likisimama linasukuma. Kale katoto kakawa kanaangalia dirishani tu, machozi yanatoka bila sauti. Nikapiga kelele. Mnajua waliniambia nini wenzangu ndani ya basi? We mama kama hutaki kubanwa panda bajaji. Yule mwanaume akashuka kituo chake na tai yake, kanyooka. Sasa kwenye basi la pinki yule mwanaume amejifunza nini, na kama basi la pinki limechelewa kale katoto kakapanda la kawaida si ataambiwa umeyataka mwenyewe? Mi nataka ashushwe yeye. Nataka dereva awe ameambiwa na mwajiri wake kwamba ukisikia kelele ya aina hiyo simama, na kuwe na namba ambayo ukipiga inapokelewa. Dawati la jinsia lipo polisi, ndiyo, lakini kale katoto kalikuwa kanawahi mtihani.

Sasa nirudi kwenye miji kushirikiana, maana nimegundua jambo. Hatuna haja ya kwenda mbali kuanza. Hapa kwetu kuna miji mitano ndani ya mmoja na hiyo mitano haiongei.

Zamani tulikuwa na manispaa tatu na juu yake kuna halmashauri ya Jiji. Zikaja kukatwa, Ubungo ikatoka Kinondoni, Kigamboni ikatoka Temeke, zikawa tano. Halafu mwaka 2021 ile halmashauri ya Jiji ya juu ikavunjwa na Ilala ikapandishwa hadhi ikawa ndo Jiji. Sikatai, pengine ilikuwa inakula hela bure, sijui mambo ya ndani. Ila kwa sisi wa chini maana yake ni kwamba kila mmoja ana baraza lake la madiwani, bajeti yake, mkurugenzi wake, na mama anayelala kwa huyu na kufanya kazi kwa yule hana mtu wake. Sensa ya 2022 ilisema Dar tuko watu milioni 5.38 na wanawake ndo wengi, karibu milioni 2.8. Sisi hatuishi kwa mipaka yenu jamani. Kwenye maji, soko, hospitali na shule ya mtoto tunakatiza.

Niwape mfano wa taa. Kwenye njia ninayopita saa kumi na nusu alfajiri kwenda kupanda gari kuna sehemu manispaa moja inaishia na nyingine inaanza, mtaa siutaji. Upande wa huku taa zipo. Upande wa kule zipo. Pale katikati kama hatua mia mbili kuna nguzo tatu, zilizima zote ndani ya mwezi mmoja hazijawaka tena, na kuna ukuta mrefu wa kiwanja kisichojengwa na majani yamepanda. Wameshaporwa wawili pale, mmoja pochi na mmoja zaidi ya pochi, naomba niishie hapo. Nikaenda ofisi ya upande wa huku, dada wa mapokezi mstaarabu tu akaniambia mama hizo nguzo sio zetu. Nikaenda upande wa kule nikakaa kwenye benchi mpaka saa sita, nikaambiwa hilo ni la wale wa kwanza, na barabara yenyewe ni ya wakala mwingine kwa hiyo niandike barua. Nikaandika. Nikapigiwa mhuri wa imepokelewa, nimeutunza mpaka leo. Tulichofanya sisi ni kupanga zamu, wanawake sita tunaotoka alfajiri tunakutana kwenye kibanda cha mkaa tunakatiza pamoja, mmoja anawasha tochi ya simu, na mmoja wetu amenunua filimbi. Filimbi! Kwenye jiji la watu milioni tano.

Hata mikopo ile ya asilimia kumi. Sheria nzuri kabisa na nawapongeza, asilimia nne ya mapato ya ndani ya halmashauri iende kwa wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, bila riba. Ikasimamishwa mwaka 2023 ikaja kurudishwa, sawa. Kikundi chetu tulikuwa tisa, wote tunapika soko moja tunajuana miaka. Tulipofika kuomba tukaambiwa watatu kati yenu mnaishi manispaa nyingine nendeni mkaombe huko. Sasa huko wakaombe na nani? Kikundi ni hiki. Wakatoka watatu, tukatafuta wengine watatu tusiowajua vizuri ili makaratasi yakae sawa, na mmoja wa hao wapya ndo aliyekuja kutuangusha kwenye marejesho. Nyie watano mkikaa mezani saa moja tu mkasema kikundi kihesabiwe kinapofanyia kazi, mmemaliza. Au mkasema vinginevyo mnavyojua nyie, lakini mseme kitu kimoja wote.

Kuna wanaosema haya mambo ya usawa ni ya wazungu. Nawajibu kwa niaba yenu. Ule mkutano mkubwa wa wanawake wa Beijing mwaka 1995 Katibu Mkuu wake alikuwa Mama Gertrude Mongella, mtu wa Ukerewe, na mpaka leo mwanamke akiongea sana kijiweni anaambiwa acha mambo ya Beijing. Ule mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake Tanzania tuliuridhia mwaka 1985. Marekani mpaka leo haijauridhia. Lakini sikia hii ambayo binti yangu aliipenda, mji wa San Francisco ulivyoona nchi yao imegoma ukauchukua wenyewe mwaka 1998 ukaufanya sheria ndogo ya mji, ukaanza kukagua idara zake moja moja, hii ya usafi inawatendeaje wanawake, hii ya vijana bajeti inaenda kwa nani. Na miji mingine ya kule ikafuata. Sisi nchi ilishasaini, nyie kazi yenu ni nyepesi kuliko ya wale, ni kuteremsha tu kwenye sheria ndogo za halmashauri. Madiwani si wanapitisha sheria ndogo za ushuru kila mwaka, tena hizo wanapitisha haraka.

Na tusijidharau, kuna vitu sisi tungewapa hao wengine. Kwenye masoko ya Ilala na Temeke kuna shirika la hapa hapa, Equality for Growth, lilikuja na kampeni inaitwa Mpe Riziki Si Matusi. Wenye kuijua sokoni wanajua. Kabla yake mwanaume akinunua ndizi kwako anakushika kiuno anasema changamka shangazi, na ukichukia wewe ndo mwenye shida, wapagazi wakipita na mzigo ni matusi ya nguoni kwa kila mwanamke. Wakafundishwa wanawake wenyewe wa sokoni kuwa wasaidizi wa kisheria, uongozi wa soko ukabanwa, taratibu za soko zikaandikwa, na watu wakaanza kushtakiwa hapo hapo sokoni. Haikuisha, ila ilipungua kweli, na kule ambako haikufika unajua mara moja ukiingia getini kwa masikio tu. Hilo ndo la kuwauzia Bogotá. Na kule Mabibo, TGNP, lile shirika la kutetea haki za wanawake, wamekuwa na zile semina zao za Jumatano miaka na miaka, wanawake wa kata mbalimbali wanakaa wanaongelea bajeti za maji na zahanati kwa lugha tunayoielewa. Mara ya mwisho mmoja wenu kukaa kwenye kile kiti cha plastiki mpaka mwisho ilikuwa lini? Mpaka mwisho, sio kufungua halafu nina kikao kingine.

Halafu Hamburg. Tangu mwaka 2010 Dar na Hamburg ya Ujerumani ni miji dada, na kitu kinachoonekana ambacho kimetoka huko ni pamoja na kile kiwanda cha mboji Mabwepande, taka za masokoni zinaenda kule zinageuzwa mbolea. Kizuri sana. Lakini nilivyosikia nikajiuliza, kwa hiyo Wajerumani wanayajua maganda yetu ya ndizi, sisi wenye kuyamenya hawatujui. Udada gani huu bila dada. Ombeni safari hii kwenye huo undugu wenu kuwe na jambo letu, wao wana vyoo vya umma na masoko ya wazi na mabasi ya usiku, wana waliyokosea pia, waje watuambie walikosea wapi.

Na kwenye msafara wa kwenda, mtu wa sokoni awemo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukimpeleka mkurugenzi Bogotá ataangalia jengo, atapiga picha, ataandika ripoti ya kurasa arobaini na neno jumuishi litakuwemo mara mia. Ukimpeleka mama wa soko la Buguruni atauliza ile mashine ikiharibika nani anatengeneza, maji yakikatika mnafanyaje, na huyo anayepokea watoto analipwa na nani, maana akifanya kwa kujitolea baada ya miezi mitatu hamtamuona. Pasipoti tutajichangia, si vikoba vipo.

Kuhusu hela najua mtasema hamna. Lakini hebu rudini kwenye kile kibakuli. Sokoni kwetu tu tupo wanawake wengi tu na kila mmoja mia tatu mara nne, hiyo hela inaingia kila siku na ushuru wa asubuhi tunalipa juu yake, mimi sijui inaishia wapi na sijasema imeliwa, nasema ipo. Anzeni na masoko matano, kila manispaa moja. Choo kwa mwenye kitambulisho cha biashara wa soko lile kiwe bure kwa sababu ushuru ameshalipa, wateja walipe. Mlango uwe na komeo kwa ndani, ndoo ya pedi zilizotumika iwepo na mfuniko wake, maji yawepo, taa iwepo, na anayekaa mlangoni upande wa wanawake awe mwanamke. Karibu yake chumba kimoja chenye mkeka na mtu mzima anayelipwa ili mwenye mtoto mchanga asimlaze chini ya meza kwenye boksi la sabuni karibu na jiko la mkaa kama nilivyomlaza huyu huyu anayesoma mipango miji, ana kovu mkononi mpaka leo. Sijasema mashine ya kufulia. Hiyo mtaleta safari ya pili.

Kabla ya vikao vya bajeti kuanza kaeni wote watano siku moja, na hizo nguzo tatu mzigawane hata kwa kupiga kura, mmoja achukue mbili mwingine moja. Mkitaka kujua ziko wapi nitawapeleka, tunatoka saa kumi na nusu, filimbi tunayo.

Na sokoni karibuni, mchana wowote isipokuwa Jumapili. Mtakula, sitawatoza. Ila mje na mia tatu tatu za sarafu, yule kijana wa mlangoni hana chenji.